Mchezo wa Robinson Crusoe usiishie kisiwani

Mhariri,

Makala yenu kuhusu michezo ya redio iliyotokana na Robinson Crusoe, riwaya ya Daniel Defoe ya mtu aliyekwama kisiwani baada ya meli kuvunjika, nimeisoma kwa furaha mpaka pale mwandishi alipodai kwamba kitabu cha pili, chenye mwendelezo wa hadithi hiyo, ni nyongeza tu, hakifai kupelekwa hewani. Hapo nimeshindwa kunyamaza.

Wengi hudhani kitabu hicho kiliandikwa miaka mingi baadaye, hadithi ikiwa imeshapoa. Sivyo. Daniel Defoe alitoa cha kwanza London mwezi Aprili 1719, na cha pili kikatoka Agosti mwaka huohuo. Pesa alizitaka, sikatai, lakini mwisho wa kitabu cha kwanza wenyewe unadai kuendelezwa, na sababu nitaieleza.

Michezo niliyobahatika kuisikia hupita njia moja: dhoruba, meli kuvunjika, mbuzi, kasuku, unyayo mchangani, Ijumaa (yule kijana ambaye Crusoe anamwokoa na kumpa jina hilo), meli ya kurudi Uingereza, muziki wa kufungia. Msikilizaji anabaki na picha ya mtu mvumilivu aliyejua kujitegemea. Kabla ya dhoruba pale kuna mambo yamekatwa. Crusoe alikuwa mtumwa kule Salé, Moroko, akatoroka kwa mashua na kijana aitwaye Xury, ambaye alikuwa tayari kufa naye. Walipookolewa na nahodha Mreno, Crusoe alimuuza kijana huyo kwa sarafu 60 za fedha, kwa ahadi kwamba ataachiwa huru baada ya miaka 10 iwapo atakuwa Mkristo. Na ile safari iliyomtupa kisiwani ilikuwa ya kutoka Brazil kwenda pwani ya Guinea kuchukua watu wa kufanya kazi mashambani. Ukiyafyeka hayo, dhoruba inakuwa ajali ya baharini tu, na sisi tunaosikiliza huku Afrika tunaombwa tumwonee huruma mtu bila kuambiwa alikuwa anakwenda kufanya nini.

Watayarishaji hujitetea kwamba muda hautoshi, na kwamba mtu aliye peke yake hana wa kuzungumza naye, redio itakuwa msimulizi mwanzo mwisho. Nimesimamia maigizo ya shuleni kwa muda mrefu, ugumu huo naujua. Lakini Defoe amewasaidia kuliko wanavyokiri. Kasuku Poll anamwamsha bwana wake usingizini kwa kumwita jina na kumuuliza yuko wapi, alikuwa wapi; mtu ambaye hajasikia sauti ya mwingine kwa miaka anashtuka mpaka moyo unataka kumtoka. Hiyo ni sauti tupu, haihitaji jicho. Bahari nayo si kazi: chukua ungo, tia choroko, zungusha taratibu karibu na kipaza sauti, utapata wimbi linalofika ufukweni na kurudi.

Tena kuna mahali Defoe mwenyewe aliacha kusimulia akaandika majibizano, jina la msemaji likitangulia kila mstari kama katika tamthilia. Mazungumzo ya Crusoe na Ijumaa kuhusu watu wa kwao yako hivyo. Katika kitabu cha pili, yale ya Will Atkins, baharia mkorofi aliyebaki kisiwani, na mkewe wa kabila la huko, yako hivyo pia. Mwigizaji hana la kufanya ila kufungua ukurasa asome. Kuna na lile swali la Ijumaa: kama Mungu ana nguvu kuliko shetani, mbona hamuui akaacha maovu? Crusoe anajifanya hajasikia, anamwambia arudie, na Ijumaa anarudia maneno yaleyale. Kwenye kitabu ni sentensi mbili tatu. Kwenye redio ni sekunde kadhaa za ukimya ambazo zinaweza kumfanya mpishi aache mwiko, na sijasikia mchezo hata mmoja uliothubutu kuuacha ukimya huo ukae.

Sasa nirudi kwenye kitabu cha pili. Katika cha kwanza Ijumaa anamkuta baba yake kafungwa kamba ndani ya mtumbwi, anamfungua, analia, anacheka, anamchua mikono na miguu. Kisha mzee anatumwa bara pamoja na Mhispania mmoja kuwaleta Wahispania wengine, na kabla hajarudi, Crusoe na Ijumaa wanapanda meli kwenda Uingereza. Mchezo ukiishia hapo, mzee anarudi kisiwani akute mwanawe hayupo, na hakuna anayeuliza. Kitabu cha pili ndicho kinachowakutanisha, pale Crusoe na Ijumaa wanaporudi kisiwani. Ijumaa anamwona babaye kwa mbali, akishushwa tu ufukweni anamkimbilia, kisha kutwa anarudi mbiombio mashuani kumchukulia mzee kitu, mara kidonge cha sukari, mara biskuti. Baadaye anaondoka tena na bwana wake, na baharini, karibu na Brazil, anatumwa sitahani aseme na watu waliokuja na mitumbwi. Wanampiga mishale, anakufa. Crusoe anawajibu kwa mizinga, kisha Ijumaa anazikwa baharini kwa heshima ya mizinga 11. Eti hayo hayana faida kwa msikilizaji?

Halafu kuna Madagaska, jirani zetu hapa. Baharia mmoja anamdhulumu binti wa kijiji, anauawa, na wenzake wanashuka usiku kulipiza kisasi: wanachoma nyumba, wanaua wanaume, wanawake na watoto. Mpwa wa Crusoe, nahodha wa meli hiyo, yumo. Crusoe hashiriki, na tangu siku hiyo hakomi kuwasuta, hadi mabaharia wanakataa kusafiri naye na kumwacha Bengal. Mzee aliyewahi kumuuza Xury bila kupepesa sasa anatupwa ufukweni kwa mara ya pili, safari hii kwa sababu ya mdomo wake. Sijui mtayarishaji gani anaweza kuona hilo akaamua kulitupa ili apate nafasi ya kipindi kingine cha kufuga mbuzi.

Ombi langu jingine ni kuhusu sauti ya Ijumaa. Waigizaji hupewa maelekezo ya kumsemesha kitoto, kwa kuwa Defoe alimwandikia Kiingereza cha kuvunjikavunjika. Sawa, awe hivyo anapozungumza na Crusoe, ni lugha ya kujifunza ukubwani. Lakini anapozungumza na baba yake yuko katika lugha yake. Hapo asikike mtu mzima mwenye ufasaha, na Crusoe ndiye awe mtu asiyeelewa kinachosemwa pembeni yake. Redio inaweza kufanya hivyo bila kuongeza hata senti moja kwenye bajeti.

Sehemu ya China na Siberia siitetei sana. Crusoe anasaidia kuchoma sanamu ya ibada ya watu wasiomkosea chochote, anakaa Tobolsk majira ya baridi, anatokea Arkhangelsk na kufika London mwaka 1705 akiwa na miaka 72. Kipindi kimoja kinatosha, na msimulizi anaruhusiwa kwenda mbio. Muda utakaookolewa huko apewe Xury.

Msikilizaji wa siku nyingi,
Tanga