Mtuuziapo mashine, tuuzieni na chumvi yake

Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya mashine yangu ya kuoshea vyombo, iliyokaa bure jikoni miezi minne kwa sababu ya kifaa ninachoweza kukishika kwa mkono mmoja.

Wapo watakaosema mashine hiyo ni anasa. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kisauni, na vidole vyangu vina baridi yabisi. Kuna asubuhi hata kifuniko cha chupa kinanishinda. Nyumbani kwetu tunakula watu tisa, na Ramadhani huzidi. Baada ya futari kuna masinia, bakuli za uji, na sufuria zilizogandwa na ukoko wa wali wa nazi. Wanangu walichanga wakaninunulia mashine mpya, dukani hapa hapa Mombasa, kwa risiti na dhamana ya mwaka mmoja. Kwangu ni kama miwani kwa asiyeona vizuri.

Miaka miwili nilistarehe. Wa tatu, glasi zikaanza kutoka na ukungu mweupe. Kisha sahani zikawa zinabaki na mafuta, na kidonge cha sabuni nakikuta hakijayeyuka hata nusu. Mwishowe mashine ikawa inafika katikati, inangoja, inangoja tena, halafu inasimama na kuwasha taa ya hitilafu.

Fundi wa kwanza alisafisha chujio la chini, akasikiliza pampu, akasema, "Mama, bodi imekufa." Sikumwona akipima kitu. Nikatoa shilingi 14,000 za bodi iliyokwishatumika (bodi ndiyo kadi ya umeme inayoiongoza mashine), na 2,000 za ufundi. Hali ikawa ile ile. Nilipompigia simu akanishauri niwauzie wanunuzi wa vyuma chakavu. Nikarudi dukani nilikonunulia. Wakaniambia spea hawaleti, ila wamepokea mashine za toleo jipya.

Aliyenitoa hapo ni binti wa kaka yangu, aliyesomea umeme. Alikuja Jumapili na bisibisi na mita ya kupimia, na kabla hajafungua hata skrubu moja akaniuliza, "Shangazi, ikishafanya kazi nusu saa, maji ya ndani huwa ya moto?" Sikuwahi kuangalia. Tukaiwasha, tukangoja, tukafungua mlango: maji baridi kama ya mtungi. Akasema maji yanaingia, yanazunguka na yanatoka, kwa hiyo tuanze na hita kabla ya kuihukumu bodi.

Alichomoa waya ukutani, akafunga maji, akailaza mashine kwa mgongo juu ya mkeka mkuukuu na kuvua bamba la chini. Katika mashine yangu, hita ni bomba fupi lenye koili, nalo maji hulipitia yakielekea kwenye ile mikono inayorusha maji. Alichomoa nyaya mbili akaweka ncha za mita. Hapo nikaomba kalamu, maana sayansi nimeifundisha miaka mingi. Hita imeandikwa wati 2,000 na umeme wetu ni volti 240. Ukizidisha 240 kwa 240 kisha ukagawa kwa 2,000, unapata karibu omu 29, ndicho kipimo cha ukinzani ambacho mita ingeonyesha kwa hita nzima. Mita haikuonyesha namba yoyote. Koili ilikuwa imekatika. Hesabu hiyo ya dakika moja ingeniokolea shilingi 16,000.

Tulipoichungulia hita ndani tukaona sababu. Ilikuwa imejaa chokaa, tabaka gumu kama lile la ndani ya birika la zamani. Kisima chetu kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chokaa nyingi. Ikishaifunika koili, joto halifiki kwenye maji, na koili inajiunguza yenyewe.

Ndipo akanionyesha kifuniko cha kuzungusha, sakafuni mwa mashine, chini ya kapu la chini. Miaka yote nilidhani ni cha mafundi. Kumbe ni tangi la chumvi! Ndani ya mashine mna chembechembe za rezini zinazonasa chokaa kabla maji hayajapata moto, na maji ya chumvi ndiyo yanayozisafisha ili zinase tena. Chumvi yenyewe ni ya chenga kubwa na safi. Ya mezani haifai, kwa kuwa imetiwa iodini na dawa ya kuizuia isigandamane. Nimeitumia mashine miaka mitatu bila kutia hata punje. Muuzaji hakunitajia, na kijitabu kilichokuja nayo ni cha Kituruki na Kirusi.

Binti alipiga picha stika iliyo ukingoni mwa mlango, yenye namba ya modeli, kwa sababu jina la kampuni peke yake halitoshi. Hita mbili zinaweza kufanana kwa macho, kumbe wati na midomo ya mabomba ni tofauti. Mwanangu anayeishi Birmingham akaiagiza hita pamoja na mipira yake ya kuzuia maji yasivuje, ikaja na msafiri. Hita, mipira na usafiri vilinigharimu shilingi 5,800. Kuifunga ilichukua saa moja. Kisha tukaizungusha mashine tupu na asidi ya ndimu ya unga, tukajaza chumvi, tukapandisha kiwango cha ugumu wa maji, yaani wingi wa chokaa, kwenye mipangilio yake. Siku hiyo nilipofungua mlango mvuke ulinipanda usoni, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Sasa nawaambia wenye maduka. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Machi 2021, mtengenezaji wa mashine hizi analazimika kuwapatia mafundi hita, pampu na bodi kwa angalau miaka 7 baada ya mashine ya mwisho ya modeli hiyo kuingizwa sokoni. Mipira ya mlango, mikono ya kurushia maji na vikapu ni miaka 10, na hivyo hata mwenye nyumba anauziwa. Spea ikiagizwa, ifike ndani ya siku 15 za kazi. Mashine hizo hizo zikivuka bahari kuja kwetu, haki hizo hazivuki nazo.

Lakini hatukosi pa kushika. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa. Habari ya chumvi ni habari ya namna hiyo. Anayeuza mashine hizi Mombasa auze na chumvi yake, aeleze kwa Kiswahili inakotiwa, na aweke japo hita, pampu na mipira ya kila modeli aliyoileta. Na mafundi wetu wapime mbele ya mwenye mashine, aione namba kwa macho yake kabla ya kutoa pesa.

Ile hita iliyoungua ninayo bado, nimeifunga ndani ya gazeti hili hili. Nitaipeleka dukani kwao wiki ijayo niiweke juu ya kaunta, wauzaji waone chokaa yenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Kisauni, Mombasa