Mapatro, lipieni na kile kiko chini ya karo

Bwana Mhariri,

Nimesoma barua ya yule msomaji wenu anayesema mafundi makaro, wenye kubandika vigae, wa Bukavu wote ni wezi, eti dushi yake haijamaliza mwaka na makaro yameanza kubanduka. Mimi ni fundi makaro, nafanya kazi Kadutu na Ibanda, na sikatai, wezi wako kati yetu tena si wachache. Lakini ndugu yangu ametaja bei ya makaro peke yake, ya fundi amenyamazia.

Kwetu fundi analipwa kwa metre kare, mita ya mraba. Patro, mwenye nyumba, anafika ku shantie, pale panajengwa, swali ni moja tu, metre kare unafanya ngapi, ukimtajia anacheka, anaenda kutafuta wa nusu bei na jioni hiyo hiyo amempata. Sasa huyo wa nusu bei atapata wapi chakula cha watoto? Ni ku mbio. Anapiga matonge ya simenti nyuma ya karo, ku pembe nne na moja katikati, anagandamiza, anaruka ku ingine. Juu inang'aa, nivo iko sawa, patro anapiga picha anatuma WhatsApp. Chini mumebaki mashimo, maji yanapita ku juwe, ile nafasi kati ya karo na karo, yanalala humo, na siku mama atasimamisha ndoo ya maji pale pembeni karo inapasuka. Mbele ya kutoa pesa ya mwisho chukua ufunguo, gonga karo moja moja, ile iliyojaa inatoa sauti fupi, ile ya uwongo utaisikia tu, haifichi. Mahali pa maji kola, ile gundi ya makaro, inapaswa kushika karibu mgongo wote wa karo, sisi tunahesabu 95%.

Halafu hii mambo ya kola. Watu wananunua gre serame, ile karo ngumu ya chini, kiisha wanakataa kununua kola juu simenti ya kawaida iko pale. Gre serame inakunywa maji kidogo sana, haifiki ata 0.5% ya uzito wake, simenti tupu haipati pa kushikia. Fayansi ya ukuta hiyo ni kitu kingine, inakunywa kupita 10%, njo maana wazee waliotufundisha walikuwa wanailoweka kwanza ku beseni. Kuna vijana siku hizi wanaloweka zote mbili, sijui wanangojea nini.

Muteremko sasa. Ku vitabu vya wazungu dushi ni kakona kamoja kenye kioo, maji yanaanguka pale na yanatokea pale. Sisi robine inakauka wiki nzima, tunaoga na beseni na kikopo, maji yanafika mpaka ku mlango! Kwa hiyo chumba chote kinapaswa kuinama kuelekea sifo, lile tundu la kutokea maji, sentimeta 1 mpaka 2 kwa kila metre, na chini ya makaro mupakwe dawa ya kuzuia maji, ipande na ku ukuta. Hiyo dawa njo patro anafuta wa kwanza ku devi, ile karatasi ya bei ya kazi, anasema haionekani. Na ukimwambia tuzibe sifo, tujaze maji, tuache mpaka kesho tuone kama inavuja mbele ya kubandika, anakuuliza bidoni nani atalipa. Bidoni za maji, kwa nyumba ya maelfu ya dolari.

Tusisahau tena tunajenga ku milima. Udongo wa Bukavu unatembea, mvua ikinyesha unatembea zaidi, na wenye walikuwa hapa siku ya tetemeko, tarehe 3 mwezi wa pili 2008, wanajua ardhi inaweza kufanya nini. Pale ukuta unakutana na chini usikubali wajaze simenti, dai silikoni, juu nyumba ikisogea kidogo silikoni inavutika, simenti inapasuka na maji yamepata njia.

Ombi langu ku mapatro ni hili, metre kare iwe bei ya kubandika tu. Muteremko, dawa ya maji na ile siku ya kujaribu viandikwe pembeni na bei yao, fundi akiiba hapo mumshitaki na mimi nitakuja kuwa shahidi.

Na ule ndugu wa barua, asikubali wamubandikie makaro mapya juu ya yale ya zamani, najua kuna mtu ameisha kumwambia hivyo. Avunje kwanza pale pembeni ya sifo, aangalie kama chini muko maji. Kama muko, atoe yote, aache pakauke, kiisha anunue dawa mbele ya kununua karo.

Fundi makaro, Kadutu, Bukavu