Kaunti itupe kona ya bustani, tuweke vikapu tisa

Mhariri,

Kuna msomaji aliyeandika katika ukurasa huu akishangaa vipi mtu mzima huko Marekani analipwa mamilioni ya dola kwa kurusha kisahani cha plastiki. Alimalizia kwa kusema huo ni mchezo wa kupotezea wakati, mchezo wa watu walioshiba. Barua yake niliisoma mara mbili. Nilikuwa kedi, mbeba mikoba ya wachezaji, kwa miaka 22 katika klabu moja ya gofu hapa Nairobi, na siku hizi kila Jumamosi nakusanya vijana wa mtaani kwetu Jericho tukacheza hiyo hiyo gofu ya visahani, ambayo badala ya kupiga mpira hadi shimoni unarusha kisahani hadi kikapuni. Naomba nafasi nimjibu.

Mtu aliyemsema ni Paul McBeth. Alizaliwa California mwaka 1990, akacheza besiboli utotoni, akashika kisahani akiwa kijana wa shule, na kabla hajatimiza miaka 20 alikuwa tayari anacheza kwa kulipwa. Alitwaa taji la dunia mwaka 2012, akalitetea 2013, 2014 na 2015, kisha akalinyakua tena 2019 na 2022. Hayo ni mataji sita. Februari 2021 kampuni ya kutengeneza visahani ya Discraft ilimpa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 10, ambazo kwa pesa zetu ni zaidi ya shilingi bilioni moja. Wengi wakisikia habari zake huganda hapo kwenye mabilioni. Hata hivyo Ken Climo, bingwa wa zamani kutoka Florida, ana mataji 12 ya dunia, tisa kati yake aliyachukua mfululizo kuanzia 1990 hadi 1998, na enzi zake hakuna kampuni iliyomwekea mchezaji pesa za kiasi hicho. Kwa hiyo si kweli kwamba mchezo huu ulianza na pesa. Ulianza na uwanja, na hapo ndipo nataka tukae.

Mwaka 1975 Ed Headrick, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Wham-O iliyotengeneza visahani vya Frisbee, aliweka kiwanja cha kwanza cha kudumu katika bustani ya Oak Grove, karibu na Pasadena, California. Hiyo ilikuwa bustani ya umma. Mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wachezaji wa kulipwa, PDGA, na baadaye akabuni kile kikapu cha minyororo kinachotumika hadi leo. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa na plastiki vikatengenezwa visahani, kama alivyokuwa ameomba. Tangu wakati wake viwanja vingi vya Marekani vimewekwa ndani ya bustani ambazo watu hutembeza mbwa na watoto huendesha baiskeli, na vingi havitozi hata senti ya kiingilio.

Sasa nieleze Nairobi ninayoijua mimi. Gofu ya mpira mdogo imechezwa katika mji huu tangu 1906, ilipoanzishwa klabu ya Royal Nairobi. Mashindano ya Kenya Open yalianza 1967, na Mhispania Seve Ballesteros alilishinda taji lake mwaka 1978. Nimebeba mikoba ya watu wengi wazuri, wengine hadi leo wakiniona barabarani wanasimamisha gari kunisalimu. Lakini katika miaka yote hiyo 22 mimi mwenyewe nilicheza Jumatatu tu, siku ya makedi, kwa vijiti vya kuazima. Mwanangu hajawahi kukanyaga nyasi zile. Niliijua kila shimo, kila mteremko, upepo wa saa nne na upepo wa saa tisa, na mwanangu alisimama nje ya ua wa michongoma akinisubiri nitoke.

Mwaka 2017 mgeni niliyembebea mkoba aliniachia visahani vitatu. Nilipovishika nilijua papo hapo kwamba si vile vya kuchezea ufuoni. Ni vidogo zaidi na vizito, kama gramu 175. Kile cha masafa marefu kina ukingo mwembamba uliochongoka, kile cha karibu kina ukingo mnene wa mviringo unaokaa vizuri kwenye vidole, na cha tatu kiko katikati ya hivyo viwili. Ukirusha kwa mkono wa kulia, mkono ukitokea kifuani upande wa kushoto, kisahani huenda moja kwa moja kikizunguka, halafu kasi ikipungua huinamia kushoto chenyewe. Inabidi ulenge pale ambapo shabaha haipo. Ukiwa ndani ya mita 10 za kikapu huruhusiwi kuvuka alama yako, yaani pale kisahani chako kilipotua, hadi uonekane umesimama imara. Jumla ya mirusho huhesabiwa kama mapigo ya gofu, na mwenye michache ndiye mshindi. Aliyesema ni mchezo wa kupotezea wakati namkaribisha aje ajaribu kupitisha kisahani katikati ya mikaratusi miwili iliyopishana mita tatu.

Vikapu tulitengenezewa Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali. Nilimchorea fundi mmoja kwenye karatasi ya unga, naye akanitazama kama mtu aliyepotea njia. Alichukua ringi mbili za baiskeli kuukuu, akazichomelea kwenye bomba la chuma, ya juu akaning'iniza minyororo ile ya kufungia mbwa, ya chini akaizungushia waya ikawa kapu. Siku ya kuvichukua aliomba arushe kimoja. Alikosa mara nne. Mara ya tano minyororo ikalia, kisahani kikatulia ndani, na karakana nzima ikaacha kugonga mabati ikageuka kutazama. Ule mlio sijui niuelezeje kwa mtu asiyeusikia. Msichana mmoja wa Gredi ya Saba katika kundi letu husema ni kama mlango uliofungwa siku nyingi umefunguliwa. Yeye sasa anafika karibu mita 50, na hakuna mvulana wa rika lake mtaani anayemfikia.

Kwa wanaodhani bingwa wa mchezo huu hana presha, nawapa siku moja tu. Tarehe 26 Juni 2021, jijini Ogden, Utah, shimo la mwisho (kila kikapu tunakihesabu kama shimo) la siku ya mwisho ya mashindano ya dunia. McBeth yuko mbele kwa mrusho mmoja. Mpinzani wake, James Conrad, yuko umbali wa mita 75 hivi kutoka kwenye kikapu na hana njia nyingine ila kukiingiza kutoka pale pale. Akarusha. Kisahani kikaenda, kikapinda, kikagonga minyororo na kubaki ndani. Wakawa sawa, wakacheza shimo la ziada, na Conrad akaondoka na taji. Mkataba wa McBeth wa dola milioni 10 ulikuwa na miezi minne tu tangu utangazwe. Mwaka uliofuata, huko Emporia, Kansas, McBeth naye alibanwa hadi mchezo wa ziada na Aaron Gossage, na safari hii akashinda. Hilo ndilo taji la sita. Vijana wangu huniomba niwasimulie siku hizo mbili pamoja, na mimi sichoki.

Wiki ile ile ya Emporia, taji la wanawake lilikwenda kwa Kristin Tattar wa Estonia, naye akalitwaa tena mwaka 2023. Estonia yote, nchi nzima, ina watu kama milioni 1.3. Nairobi peke yake ilihesabiwa kuwa na watu 4,397,073 katika sensa ya 2019. Kule theluji hufunika ardhi miezi kadhaa ya mwaka. Hapa tunaweza kucheza Januari hadi Desemba, ukiacha zile siku za mvua kubwa. Tofauti ni kwamba Estonia ni miongoni mwa nchi zenye viwanja vingi zaidi vya mchezo huu ukilinganisha na idadi ya watu wake, na mtoto huko hahitaji uanachama wa klabu yoyote ili acheze.

Sisi Jumamosi moja tulifukuzwa. Tulikuwa tumesimika vikapu vitatu kwenye kona ya bustani moja ya umma, mahali ambapo hapana maua wala benchi, askari wakaja wakauliza kibali kiko wapi. Nilienda ofisi niliyoelekezwa, nikatumwa nyingine, huko nikaambiwa niandike barua. Barua niliipeleka kwa mkono wangu mwenyewe, ikapigwa muhuri. Ni miezi mitano sasa. Vijana wananiuliza kila wiki, na mimi sina la kuwaambia. Tunachezea kwenye uwanja wa vumbi kati ya mechi mbili za mpira, na mara mbili kisahani kimepasuliwa na matatu barabarani. Kisahani kikipotea au kikipasuka hatuna duka la karibu la kununua kingine, inabidi kiagizwe ng'ambo.

Ombi langu kwa Kaunti ya Nairobi ni dogo na linatekelezeka. Tupeni kona moja ya bustani ya umma iliyo na miti, tuweke vikapu tisa. Hatuhitaji kukata mti hata mmoja, maana bila miti mchezo huu hauna ladha. Hatutaki ua wala lango. Bustani za mji huu zina historia ya kutetewa: Wangari Maathai aliitetea Uhuru Park mwaka 1989 jengo la orofa 60 lilipotaka kuimeza, na mwaka 1999 akapigwa akitetea msitu wa Karura. Tunataka kuzitumia alizotuachia, kwa mchezo ambao ukiondoka saa kumi na mbili jioni nyasi zinabaki zilivyokuwa.

Vikapu vyote tisa nitavigharamia na wazazi wenzangu, tumeshaanza kuchanga. Fundi wa Kamukunji amekubali kutuuzia kwa bei ya ringi na bomba, kazi yake ameisamehe. Mwakilishi wetu wa wadi nimempelekea nakala ya ile barua yenye muhuri, pamoja na mchoro wa kiwanja unaoonyesha njia za wapita kwa miguu na umbali wa kila shimo, ili asije akaambiwa kwamba visahani vitawagonga watu.

Na kwako, Mhariri, naomba matokeo ya mashindano haya ya dunia yapate angalau aya moja katika kurasa zako za michezo yanapofanyika. Yule msichana hununua gazeti lako kila Jumapili, hulifungua kuanzia nyuma.

Kedi wa zamani,
Jericho, Nairobi