Mwanangu, usiikimbie manjano

Kirumba, Mwanza

Mama yangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma nikiwa kwenye cherehani, nikainua mguu kwenye pedali. Umesema kamati imechagua manjano kuwa sare ya sendofu ya dada yako, na wewe unaomba nikushonee ya kijivu, kwa sababu wenzako wa hosteli wamekuambia mtu mweusi tii havai rangi inayowaka. Neno hilo limenikaa rohoni siku tatu. Nimeona nisipige simu, nikuandikie.

Kijivu nakijua. Nilipokuwa fundi mpya nilimshonea bibi yako, huyo uliyerithi jina lake, suti ya kijivu ya kwendea kanisani. Mshono ulimkaa vizuri kuliko kazi yoyote niliyokuwa nimeifanya. Jumapili ile watu watatu walimpa pole ya ugonjwa, naye alikuwa mzima wa afya. Uso ulikuwa umesawajika kama umepakwa majivu. Jumapili iliyofuata akajifunga kitenge chake cha zamani, cha rangi ya damu ya mzee, macho yakachangamka na ngozi ikang'aa kama zambarau iliyofutwa vumbi. Nguo moja ilimkataa, nyingine ikamkubali. Tangu hapo mteja namwangalia usoni kabla ya kumpima kiuno.

Ngozi yako ni ya bibi yako, mama. Watu wakiona weusi wanaishia hapo hapo, lakini chini ya weusi kuna rangi ya pili. Melanini inayotupa rangi iko ya aina mbili, moja ya kahawia hadi nyeusi, nyingine yenye wekundu na unjano, na damu inayopita chini ya ngozi nayo inaongeza wekundu wake. Ndiyo maana wasichana wawili weusi sawasawa wanaweza kusimama pamoja, mmoja akavuta kwenye dhahabu na udongo mwekundu, mwingine akavuta kwenye ubuluu. Wa maji ya kunde ni vivyo hivyo. Wewe na bibi mnavuta kwenye dhahabu.

Usiniamini kwa sababu mimi ni baba yako. Jipime. Amka asubuhi, nawa uso, usipake kitu, usimame mlangoni penye mwanga wa nje. Taa za hosteli zitakudanganya, nyingine zinatia unjano, nyingine ubuluu. Jifunge shuka jeupe mabegani, kisha weka chini ya kidevu kitambaa cha haradali, halafu cha waridi iliyokolea. Usikiangalie kitambaa, angalia uso. Je, weusi wa chini ya macho umezidi au umepungua? Mstari wa taya unaonekana safi au umefubaa? Linganisha pia nyeupe pe na rangi ya krimu. Ukisikia habari ya kuangalia mishipa ya kifundo cha mkono, kama ni ya kijani au ya bluu, achana nayo. Kwenye ngozi kama yetu haionekani vya kutosha.

Chuoni mwalimu wetu wa ushonaji alitusimulia habari za mkemia wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul. Mwaka 1824 aliwekwa kusimamia utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kinachofuma mapazia ya ukutani yenye picha. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zimefifia zinapotumika kwenye mavazi ya bluu na zambarau. Alipochunguza akakuta rangi nyeusi haina kasoro, ila jirani zake ndio wanaobadilisha jinsi jicho linavyoiona. Kitabu chake kuhusu jambo hilo kilitoka mwaka 1839. Mimi nalitumia kila siku. Kitambaa cha kijani kinaamsha wekundu wa uso. Kitambaa cheupe kinafanya ngozi ionekane nyeusi zaidi, na cheusi kinafanya ionekane nyeupe kidogo. Uso wako ni jirani wa kola yako.

Kuhusu nywele na macho sina mengi. Utaratibu ule wa kumchagulia mtu rangi za nguo kwa kumweka katika mmojawapo wa misimu minne ya mwaka, uliovuma Marekani miaka ya 1980, uliangalia sana nywele za dhahabu na macho ya bluu, na watu weusi wengi wakatupwa wote kwenye msimu mmoja, baridi kali. Sisi huku tuna masika na kiangazi, na nywele na macho yetu mara nyingi ni meusi au kahawia iliyoiva, kwa hiyo uzito unabaki kwenye ngozi. Ila rasta ulizosuka, zile nyekundu, zimeuzunguka uso kama kitambaa. Zihesabu unapochagua nguo.

Sasa lile lililonikosesha usingizi. Umeandika, kama utani, kwamba labda ujaribu kupaka kitu "ung'ae kidogo". Usiguse mkorogo, mwanangu. Nakuomba kama ninavyoomba uhai. Haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua ngozi, na zebaki vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, na zebaki inaingia mwilini ikaharibu figo. Nawapima wateja mikono, naona vifundo vya vidole vilivyobaki vyeusi wakati mkono wote umechubuka. Hakuna mshono wa kufunika hilo. Juzi alfajiri nilikuwa mwaloni, pale mitumbwi ya samaki inapotia nanga, kina mama wanaanika dagaa, na mmoja mweusi kama wewe alivaa kitenge cha chungwa. Nilimwona tangu kule mitumbwini, nikakuwaza wewe.

Ila nawe una haki yako kidogo. Kitambaa walichonunua kamati ni manjano ya limau, inavuta kwenye ukijani, na usoni pako haitakaa vizuri kama ingekuwa ya embe bivu. Kwa hiyo gauni nalishona la sare kama wenzako, lakini shingo naizungushia kola pana ya damu ya mzee. Kile kitenge cha bibi bado kiko kabatini, kimechakaa katikati lakini pindo ni zima, linatosha. Dada yako nimemwambia, amekubali.

Nitumie vipimo vipya vya mabega na kifua kabla ya Jumatano. Mzigo utaondoka na basi la Ijumaa. Ukiupokea, uvae, usimame mlangoni asubuhi, mwenzako akupige picha bila kuongeza chochote, unitumie.

Baba yako