Fungu la kutembea

Saint Paul, Minnesota

Mdogo wangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Natumaini hapo Tanga nyote hamjambo, na goti la shemeji limepata nafuu. Mimi mzima, alhamdulillah. Baridi imeshaanza kuuma asubuhi lakini theluji bado.

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza vizuri. Umesema picha zangu za kwenye treni zimeleta maneno barazani, na kaka amesema, "Ponda mali, kufa kwaja." Kisha mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, ukaniuliza na wewe ufanyeje na mkupuo wako, ile pesa ya mara moja, utakapostaafu. Nimeona nikuandikie, kwa sababu mambo haya yanataka mtu ayasome polepole, ayarudie. Ukipenda msomee na kaka.

Mdogo wangu, nilipokwenda Hija hakuna aliyeniuliza tiketi ilikuwa kiasi gani. Mlinisomea dua nikiondoka, niliporudi mkanipokea kwa maulidi. Nilipochangia harusi ya mtoto wa shangazi hakuna aliyesema napoteza pesa. Ila nilipopanda treni kwenda kuangalia milima, peke yangu, bila jambo lolote la kunipeleka huko, ndipo nikaonekana nimeanza kuchezea mali. Nawaelewa. Kwetu mtu mzima husafiri kwa msiba, kwa ugonjwa, kwa arusi au kwa ibada. Kusafiri ili macho yafurahi tumewaachia wazungu tuliokuwa tukiwaona wamekaa kwenye magari ya kitalii, sisi tukiwa kwenye basi la kwenda Moshi. Mimi nimeamua kwamba na mimi ni haki yangu, na nimeamua kwa hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Pensheni ya serikali ya hapa, Social Security, unaweza kuanza kuichukua ukiwa na miaka 62, lakini wanakukata, na makato hayo ni ya maisha yako yote. Kwa sisi tuliozaliwa 1958, umri wa kuipata kamili ni miaka 66 na miezi 8. Nikasubiri, na nilikuwa kazini bado. Pesa hiyo ya kila mwezi inalipa kodi ya nyumba, chakula, umeme, joto la nyumba na bima. Haizidi sana, lakini inatosha, na madhali nipo hai inakuja.

Pembeni kuna akiba ya kazini, ile inayoitwa 401(k), iliyokuwa ikikatwa kwenye mshahara miaka yote ile. Hii ndiyo iliyoniumiza kichwa. Ukila haraka itakuishia ukiwa mzee usiyejiweza. Ukiiogopa utakufa umeikalia. Mwaka 1994 mshauri mmoja wa fedha wa hapa, William Bengen, alipiga mahesabu ya miaka mingi ya soko la hisa na hati fungani za Marekani, akaona kwamba mstaafu akichukua asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka akachukua kiasi kilekile akikiongezea tu kadiri bei za vitu zilivyopanda, akiba itahimili miaka 30. Mwenye dola 100,000 anaanza na 4,000. Usiipeleke hesabu hiyo kwenye shilingi kama ilivyo, maana ilitazama soko la hapa tu. Lakini mimi ilinipa mahali pa kusimama. Nilijua kiasi gani naweza kukitumia kwa mwaka na nikalala usingizi.

Kiasi hicho ndicho nikakigawa. Fungu la kwanza ni lenu: ada za watoto, dawa za mama mkubwa, na safari yangu ya kuja nyumbani. Safari ya nyumbani nimeihesabu huku makusudi, kwa sababu wewe mwenyewe unajua nikija sipumziki. Nakuja na masanduku ya watu, naamkia hospitali na wagonjwa, jioni nipo kwenye kikao. Na bima yangu ya uzeeni, Medicare, hainilipii matibabu nje ya Marekani isipokuwa kwa nadra sana, kwa hiyo kila nikija nanunua bima nyingine ya safari. Hayo yote nayafanya kwa moyo mkunjufu, lakini si matembezi. Fungu la pili, dogo kuliko hilo, ndilo la kutembea. Hilo ni langu. Silitolei maelezo kwa mtu, na lisipotumika mwaka huu halirudi kwenye akiba, linalipia safari nzuri zaidi ya mwakani.

Sasa mwambie kaka jambo hili alisikie vizuri. Soko likianguka, na huwa linaanguka, ni busara mstaafu apunguze anachotoa, la sivyo akiba inaweza kuliwa ikiwa imesinyaa isirudi tena. Nikipunguza, nitapunguza wapi? Ada ya mtoto aliye kidato cha tatu haiwezi kungoja. Dawa ya presha haiwezi kungoja. Safari inaweza. Mwaka mbaya nitakaa nyumbani Saint Paul nisome vitabu, na pesa yenu itakuja kama kawaida. Fungu la kutembea ndilo litakaloumia kwanza ili la kwenu lisiguswe. Asiye na fungu kama hilo, siku ya dhiki anakata chakula.

Kuna na jambo la kazini kwangu. Nimefanya kazi kwenye nyumba ya wazee hapa miaka mingi, nikiwaosha, nikiwalisha, nikiwapa dawa. Gharama ya kukaa mle ni kubwa mno. Mzee anaingia akilipa kutoka mfukoni mwake, mwezi kwa mwezi, mpaka akiba yake inakauka. Hapa Minnesota serikali huanza kumlipia, kupitia mpango wa Medicaid, pale anapobaki na mali isiyozidi dola 3,000, ukiacha vitu vichache wasivyovihesabu. Kwa hiyo nimewahi kuwa na wazee wawili chumba kimoja, pazia tu katikati. Mmoja alijinyima maisha yake yote, hata ziwa lililo mwendo wa saa mbili kutoka kwake hakwenda. Mwingine alizunguka na mkewe nchi nzima kwa gari la kulala. Wote wawili walikula uji uleule saa moja asubuhi. Wote wawili pesa zilikuwa zimekwisha. Lakini yule wa pili nikimgeuza usiku ili asipate vidonda, alikuwa ananihadithia njia: mji hadi mji, mahali walipoharibikiwa na gari, samaki waliyemvua. Mwenzake alikuwa anasikiliza hadithi za mtu mwingine.

Simaanishi tule tumalize. Nimeona pia wazee waliotumia bila hesabu, na watoto wao wanakuja Jumapili nyuso zimekunjamana. Ninachosema ni kwamba miaka ya miguu ni michache. Nikimaliza miaka 77 au 80, sitataka kupanda ngazi za treni tena, na fungu hili litapungua lenyewe. Basi lazima litumike sasa, kwa wingi, na lipungue baadaye. Wengi niliowauguza walifanya kinyume: walikuwa wanasubiri wajisikie salama kwanza.

Safari yenyewe basi, maana umeuliza. Treni ya Empire Builder inapita hapa Saint Paul usiku, inatoka Chicago kwenda hadi pwani ya magharibi. Waliofikisha miaka 65 wanapunguziwa asilimia 10. Kiti cha kawaida ni bei nafuu, na kichwa changu chote cha miaka ya kubana matumizi kilikuwa kinaniambia nikae kwenye kiti. Chumba cha kulala kilikuwa mara kadhaa ya bei ile. Nililipia chumba. Ni kidogo, viti viwili vinavyotazamana, usiku mhudumu anavivuta vinakuwa kitanda, anatandika shuka nyeupe, anakuuliza chai ya asubuhi uitake saa ngapi. Mdogo wangu, mimi ndiye nimekuwa nikitandikia watu shuka miaka yote. Nilikaa pembeni ya mlango nikimwangalia anavyokunja pembe za shuka, na sikuinuka kumsaidia.

Asubuhi tulikuwa North Dakota, tambarare isiyokwisha, ngano mpaka macho yanachoka. Ukilipia chumba, chakula kimo ndani ya bei, na mezani wanakuketisha na watu usiowajua. Nikala na mkulima na mkewe wanaokwenda kumwona mjukuu, wakaniuliza Tanga iko wapi, nikawachorea kwenye kitambaa cha karatasi: bahari hapa, Pemba hapa, Usambara huku. Mchana kutwa ni Montana. Jioni, baada ya nchi ya watu wa Blackfeet, wenyeji wa asili wa huko, milima ikasimama mbele ghafla, bila vilima vya kuitangulia. Wakati wa kiangazi jua la huko huchwa baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo tuliiona yote.

Hifadhi yenyewe inaitwa Glacier, ipo tangu 1910. Kadi ya wazee ya kuingilia hifadhi za taifa ni dola 80, unalipa mara moja tu maishani ukishafika miaka 62, na waliomo kwenye gari lako wanaingia nawe. Kuna barabara inayokata mlima, walimaliza kuijenga 1932 na kuifungua rasmi 1933, inapanda hadi zaidi ya mita 2,000. Mwaka 1850 mito ya barafu kwenye milima ile ilikuwa mingi zaidi ya sasa. Leo haifiki 30, na iliyobaki inasinyaa kama theluji ya Kilimanjaro yetu. Nilikaa juu pale na koti langu la baridi katikati ya Julai, nikaangalia. Sikupiga simu kwa mtu. Nilikuwa na raha ambayo sijui mara ya mwisho niliipata lini.

Sasa wewe. Mwisho wa mwaka huu unatimiza 60, na kazi ya chaki inakwisha kisheria. Kikokotoo nacho, yaani sehemu ya pensheni inayotolewa kwa mkupuo, baada ya makelele yote yale kilipandishwa mwaka 2024 kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa watumishi kama wewe, kwa hiyo mkupuo utakuwa mzito kidogo kuliko wa waliostaafu kwa asilimia 33. Unajua watakaokuja. Mmoja atataka bodaboda, mwingine mtaji wa duka, mwingine ana kiwanja cha bei poa huko Pongwe. Usitoe ahadi yoyote miezi ya mwanzo. Pensheni ya kila mwezi iache iwe ya chakula na matibabu. Mkupuo malizia vile vyumba viwili vya uani ulivyoviacha kwenye renta, uvipangishe. Kodi ya kimoja iwe ya ukarabati na dharura. Kodi ya kile kingine, tafadhali sana, iandikie jina lako. Iwekee akaunti yake, hata iwe ndogo kiasi gani, na iwe ya kutembea tu. Mwaka wa kwanza itakupeleka Lushoto ukalale siku tatu kwenye hewa baridi. Mwaka mwingine unapanda ile treni ya umeme kutoka Dar hadi Dodoma, iliyoanza 2024, ukaone nchi kupitia dirishani. Umefundisha jiografia miaka yote hiyo na Serengeti umeionyesha watoto ubaoni tu.

Kwa hiyo nina ombi. Nyumbu huzaa kwenye nyasi fupi za Ndutu, mpakani mwa Serengeti na Ngorongoro, kati ya Januari na Machi, kwa sababu udongo wa majivu ya volkano unawapa nyasi zenye nguvu. Wengi huzaa Februari, lakini Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza mapema Februari, na mimi nataka tuwe nyumbani siku hiyo. Basi twende wiki ya mwisho ya Januari. Gari ndilo linalokula pesa, si kiingilio. Kwa Mtanzania kiingilio ni sehemu ndogo sana ya anacholipa mgeni. Mimi nitalipa kama mgeni kwa kuwa pasipoti yangu ni ya Marekani, na linaniuma kidogo, ila nitalipa. Tukijaza gari na wifi na shemeji, gharama ya kila mmoja itashuka. Goti lake lisimtie wasiwasi, humo mtu anakaa garini kutwa. Na kaka mwambie kiti chake kipo, nakilipia mimi kutoka kwenye fungu langu lilelile alilolisema.

Nipigie Ijumaa baada ya sala, uwe umeshaongea na shemeji kuhusu tarehe. Malipo ya awali ya gari wanayataka kabla ya mwezi huu kwisha, na kule Karatu nimepata mahali pa kulala pazuri ambapo watatushikia vyumba vitatu hadi tarehe 20. Nitumie pia saizi ya koti lako. Asubuhi kwenye ukingo wa kreta ni baridi kali, na hapa makoti yapo kwenye punguzo sasa hivi.

Wasalimie wote, na mama mkubwa umbusu mkono kwa niaba yangu.

Wabillahi taufiq,
Dada yako