Maswali Hayapunguzwi Bei

Kuna lalamiko moja ambalo haliishi hapa kwenye kazi yetu ya kukanda watu (masaji), na juzi limeandikwa mtandaoni kila mtu aone, na nyota moja juu yake: "Nimelipa 2,500, nikaulizwa maswali kama niko hospitali, na Jumatatu kichwa kikarudi kuuma." Aliyeandika ni karani, mtu mpole tu, wala sina ugomvi naye. Lakini najua wengi wenu huwaza hivyo hivyo mkiwa mmelala kitandani petu, kwa hiyo wacha nijibu hadharani.

Nianze na maswali. Unalala saa ngapi? Presha ilipimwa lini? Una mimba? Umesafiri hivi karibuni? Unameza nini, cha hospitali, cha duka na cha mitishamba? Mteja ameshavua viatu, anangoja mafuta, na mimi nimeshika kalamu. Inaudhi, najua.

Mwaka jana alikuja mama mmoja ametoka Nairobi na basi la usiku. Mguu umekaza kwa uchovu, akasema, nikande tu. Nilimwomba aiweke yote miwili sambamba. Shavu la mguu wa kushoto lilikuwa limejaa kuliko la kulia, ngozi imevutika inang'aa, na kwa kiganja ulisikia joto. Mguu wa namna hiyo haukandwi. Mtu akikaa saa nyingi bila kujinyoosha, damu inaweza kuganda ndani ya vena, na mkandaji akilisukuma lile bonge linaweza kung'oka likaishia mapafuni. Nikamwitia tuktuk impeleke Russia, ile hospitali kubwa ya rufaa hapa Kisumu, na shilingi yake sikuigusa. Aliondoka akinung'unika kwamba nimemfukuza. Alipopimwa, bonge likaonekana, akaanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda. Siku hizi yeye ndiye ananiletea majirani zake wa Nyamasaria.

Hayo ndiyo maswali mnayotaka niyaruke ili mpate dakika kumi zaidi za mafuta.

Halafu kuna njia ya mkato inayoniuma kuliko zote: kinyozi. Umemaliza kunyolewa, umepanguswa, kijana anakushika kidevu na kisogo, anazungusha, pah! Unainuka ukisema stresi imetoka. Haijatoka. Mlio ule ni gesi kwenye ute wa kiungo, basi. Shingoni humohumo ndimo inamopita mishipa inayopeleka damu ubongoni, na kuzungushwa kwa ghafla kumewahi kuchana ukuta wake, watu wakapata kiharusi. Ni nadra, ila si porojo. Kuna kijana wa boda wa Kondele aliyeletwa kwetu baada ya kuzungushwa hivyo, shingo imegoma, hawezi hata kutazama lori linalomfuata. Sikumgusa. Nilimtuma kwa wafiziotherapia, wataalamu wa tiba ya viungo na misuli, waliosajiliwa na wenye baraza lao kisheria. Alichookoa kwa kinyozi alikilipa mara kadhaa, na wiki nzima pikipiki ikalala.

Sasa kichwa cha Jumatatu. Mwili ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni za adrenalini na kotisoli: moyo unakimbia, pumzi inapanda kifuani, mabega yanajikunja kuelekea masikio. Kama hatari ni simba, akiondoka vyote hivyo hushuka. Lakini karo ya shule haiondoki, na mkopo wa simu unakutumia meseji alfajiri. Kwa hiyo bega linabaki juu mchana kutwa mbele ya kompyuta. Nikibonyeza ule msuli mnene kati ya shingo na bega, pale penye fundo, wengi hushtuka na kusema maumivu yanapanda hadi kwenye kipaji, pembeni mwa jicho. Hapo ndipo kichwa chako kinapotoka. Nikilegeza fundo unapata nafuu, na usiku huo unalala kweli. Mkopo sijaulipa mimi.

Ndiyo maana robo saa ya mwisho siitumii kukanda. Nakufundisha kupumua: vuta kwa hesabu ya 4, toa taratibu kwa hesabu ya 6, tumbo lipande badala ya kifua. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mapigo ya moyo. Pia tunakaza na kulegeza, njia ya daktari Mmarekani Edmund Jacobson wa karne iliyopita: kunja ngumi kwa nguvu, shikilia kidogo, achia ghafla, sikiliza tofauti, kisha mabega, kisha taya. Anayefanya hivi nyumbani hurudi kwangu baada ya mwezi. Asiyefanya hurudi Jumatatu na nyota moja.

Na vidonge. Maofisini kila droo ina pakiti ya dawa ya kichwa yenye kafeini. Ukimeza mchanganyiko huo siku 10 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayoleta kichwa. Hicho hakikandiki hata na mafundi kumi. Nenda kliniki upangiwe namna ya kuacha.

Mitishamba sipingi, mafuta yetu ni ya nazi, na lavenda tunaitia matone 12 kwa mililita 30, maana ikipakwa bila kuchanganywa inaweza kuwasha ngozi. Lakini mwarobaini unaweza kushusha sukari, na wewe uko kwenye dawa za kisukari. Mmea wa Ulaya uitwao St John's wort, unaouzwa kwa vidonge vya kuinua moyo, hulifanya ini livunje haraka dawa za ARV na vidonge vya kupanga uzazi, na huwezi kujua hadi mambo yaharibike. Sihitaji kujua unaumwa nini. Niambie unameza nini tu. Wapo wanaoniandikia kwenye kikaratasi, nasoma, nawarudishia.

Kuhusu bei, shuka hubadilishwa kila mteja, na kwa joto la Kisumu feni haizimwi. Siku nzima nakanda watu wachache, kwa sababu mkono uliochoka haujui tofauti ya fundo na mfupa. Kuna watakaokukanda kwa 800 bila kukuuliza hata jina, na huko sitakuzuia kwenda. Kwangu ni 2,500 kwa saa moja na nusu, maswali yakiwemo. Fika dakika kumi mapema, umekunywa maji, hujashiba sana, na ubebe pakiti za dawa zote unazotumia. Ukiwa na homa, piga simu tuahirishe; hatutozi kuahirisha.