Ngome Kongwe isiwe ya matamasha peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu wa Unguja, hasa kina mama tunaobeba mzigo wa shughuli.

Mwaka jana tulimuoza mtoto wa dada yangu. Tulikodi ukumbi, tukabanana humo wanawake zaidi ya mia mbili. Feni zikasimama saa mbili usiku, kanga zikalowa jasho kabla bibi harusi hajaingia. Bibi zetu wawili ilibidi tuwatoe nje wapate hewa. Wakati wa kurudi tulikatisha Forodhani, tukapita ubavuni mwa Ngome Kongwe. Upepo wa bahari unavuma, ndani kimya. Shangazi yangu akasimama akauliza, "Na hapa je?" Hakuna aliyemjibu, kwa sababu katika vikao vyote vya kupanga harusi ile hakuna aliyeitaja Ngome.

Tumezoea kuiona ni pahala pa wageni na matamasha. Sauti za Busara, lililoanza 2004, limefanyika humo kwa miaka mingi, na Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi limeonesha filamu zake humo humo. Najivunia hayo. Lakini ngome ile haijapata kuwa na kazi moja. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya Wareno kufukuzwa mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Baadaye ikawa jela. Karne iliyopita ilitumiwa na reli iliyokwenda Bububu, kisha wanawake wa enzi ya Mwingereza wakacheza tenisi humo. Ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia ni wa juzi tu, miaka ya 1990. Ikiwa wake wa watawala walipata pa kuchezea, binti wa Malindi au Mwembetanga asione haya kupeleka shughuli yake pale.

Tena kwa shughuli za wanawake pana jambo ambalo ukumbi wa kukodi haukupi: kuta ndefu pande zote, na juu mbingu. Mtu anavua buibui, anacheza, anajipamba atakavyo, na mpita njia haoni kitu. Hata mahafali ya madrasa na mkutano wa ukoo vitatosha mle. Watoto wetu wengi wanaijua Ngome kwa nje tu, na siku ya shughuli ndiyo wangeuliza jela ilikuwa upande gani.

Najua wapo watakaosema tutaiharibu. Hofu hiyo naiheshimu. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la kale lililo jirani yake kabisa, iliporomoka ikiwa katika matengenezo na watu wawili wakapoteza maisha. Ndiyo maana nataka masharti makali. Kuta zile ni za mawe na chokaa, hazitaki msumari wala kamba ya turubai. Spika kubwa zisiegemezwe ukutani. Pilau lipikwe nje liletwe limeiva, moto usiwashwe ndani. Atakayevunja sharti alipe, na asipewe tena.

Kwa wahusika wa mambo ya kale ombi langu ni hili: tengeni siku kila mwezi kwa ajili ya vikundi vya wenyeji, kwa bei ambayo mtu wa kawaida ataimudu, na fedha hizo zirudi kwenye chokaa ya kuta zile zile. Tangazo la bei na masharti libandikwe misikitini, skulini na kwa masheha, kila mtu alisome.

Mdogo wake bibi harusi wetu naye ameshaposwa. Safari hii kikao cha kwanza kimeanza na Ngome, na barua ya maombi nimekabidhiwa mimi niipeleke.

Mkaazi wa Mji Mkongwe,
Unguja